Rampu, milango na vyoo: jibu kwa ndugu anayejenga Uthiru

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza kama ukubali michoro uliyoletewa, yenye rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) mlangoni na milango ya sentimita 90 kwenye nyumba za chini, ilhali fundi wako anakwambia hiyo ni pesa ya kutupa kwa kuwa "walemavu hawatakuja kupanga huko". Nimesimamia mijengo hapa Nairobi miaka 19, na maneno hayo ya fundi wako niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena mbele ya wenye ploti. Kubali michoro.

Mwaka 2016 mama yangu alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Nilimchukua nikaishi naye mtaa wa Umoja, nyumba ya chini, nikiamini chini hakuna shida. Kutoka getini hadi mlangoni kulikuwa na vidato vitatu. Hivyo tulivimudu, vijana wa ploti walinisaidia kumbeba. Choo ndicho kilichotushinda. Nilipima kwa futi kamba: uwazi wa mlango sentimita 61, kiti chake cha magurudumu sentimita 64. Kwa ajili ya sentimita tatu, ilibidi nimwinue mama mikononi kila mara, naye akigeuza uso upande wa ukuta. Baada ya wiki mbili hivi nikaona chai ya saa kumi haigusi. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa anajinyima maji tangu alasiri ili asiniamshe usiku. Tangu siku hiyo sijapitisha mlango wa choo wa sentimita 70 kwenye kazi yangu.

Maana hesabu yake ni hii. Mlango ukiwa na upana wa 70, toa fremu, toa unene wa ubao unaobaki njiani ukifunguliwa, unabaki na sitini na kidogo. Wa 90 unakuachia zaidi ya 80, na hapo kiti kinapita bila kukwaruza vidole vya mwenye kukisukuma. Wakati wa kujenga, tofauti ni mbao kidogo na linta, yaani boriti ya juu ya mlango, ndefu kidogo. Ukija kuupanua baadaye, unabomoa jiwe, linta, plasta na vigae, na mpangaji anahama. Halafu mlango wa choo ufungukie nje. Mtu akianguka ndani, mwili wake huziba mlango unaofungukia ndani, na mkiwa nje hamna la kufanya ila kuvunja.

Kile kizingiti kirefu tunachoweka bafuni kuzuia maji, kiondoe. Shusha slabu, yaani sakafu ya zege, ya bafu mapema, sakafu iteremke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Maji hayatoki nje, na hakuna wa kujikwaa. Vigae viwe vya kukwaruza, si vile vinavyong'aa kama kioo.

Sasa rampu. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu, na mimi niliharibu. Mwenye nyumba wangu aliniruhusu nijenge ya mama kwa gharama yangu. Vidato vitatu vya sentimita 15 ni sentimita 45. Hadi ukuta wa jirani kulikuwa na mita mbili na nusu, nami nikamwaga zege kwenye hizo mbili na nusu. Siku ya kwanza nilipomteremsha mama, kiti kilinivuta nikashindwa kukishika, kikagonga ukuta. Hakuumia, lakini hakukubali tena kupita hapo ila kinyumenyume.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi za dunia ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Zile 45 zangu zilihitaji mita 5.4, na juu yake jukwaa tambarare la mita moja na nusu ili mtu asimame afungue mlango bila kiti kurudi nyuma. Nafasi ikikosekana, kunja rampu katikati kwa jukwaa jingine. Weka bomba la kushikilia pande zote mbili, kwa sababu aliyepooza mkono wa kushoto hushuka akishika upande mmoja na kupanda akishika upande mwingine.

Wasioona pia wafikirie. Kwenye jengo moja nililofanyia kazi mjini tuliletewa vigae vya manjano vyenye alama za kukanyaga. Vilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, na vikatandikwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Mistari mirefu humwambia mtu endelea, vinundu humwambia simama, kuna hatari mbele. Fundi wetu wa vigae aliona ni mapambo, akavichanganya. Nilimwomba jirani yangu asiyeona aje avijaribu. Alitembea na fimbo yake nyeupe hatua sita, akasimama, akaniuliza, "Hapa mbele pana nini?" Hapakuwa na kitu. Akaendelea kufuata mistari, na mistari ikampeleka moja kwa moja kwenye nguzo. Tuliving'oa vyote tukaanza upya. Kwako wewe flati haihitaji vigae hivyo, ila ukingo wa kila kidato upake rangi inayotofautiana na sakafu. Wazee wenye macho hafifu wanaanguka kwenye ngazi za rangi moja.

Kuhusu sheria, Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Hilo halihitaji maneno mengi.

Najua fundi atakwambia sakafu lazima iinuke kwa sababu ya mafuriko, na baada ya tuliyoyaona Aprili 2024 siwezi kumbishia. Lakini umesema ploti yako inateremka kutoka nyuma kwenda barabarani. Basi hamisha mlango mkuu upande wa juu, ardhi ikutane na slabu sawasawa, na mbele ya mlango chimba mfereji wenye wavu wa chuma, matundu yake yawe membamba gurudumu lisizame. Maji yazungushe ubavuni yateremke barabarani. Hapo, mteremko wa ploti ukiwa wa taratibu, hutahitaji rampu hata moja, utahitaji njia laini isiyo na vidato, ya upana wa mita moja na nusu, kutoka getini. Ongea na mchoraji kabla msingi haujachimbwa, na uniwekee hapa vipimo vya ploti nivitazame.