Maswali ya Wasomaji: Muziki Usiopigwa Redioni

SWALI: Mzee wa safu, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, nimepanga chumba kimoja Igogo, kule juu kwenye mawe ambako bodaboda haifiki na maji hupandishwa kwa ndoo. Kazi yangu ni kuandika. Asubuhi naandika matangazo ya saluni na ya maduka ya vifaa vya ujenzi ili yasomwe redioni, na nikipata nafasi naandika makala za magazeti, ambazo hulipwa moja moja tena kwa kuchelewa. Jioni hupanda kwenye jiwe lililo nyuma ya nyumba, nikaweka spika ya sikioni ya upande mmoja, kwa kuwa ya pili ilikwisha kufa, nikasikiliza bendi za indie za Uingereza na Marekani ambazo nilizijua kupitia flashi ya rafiki niliyesoma naye. Majirani wakizisikia kwenye simu huniuliza nani amefariki. Natamani kuandika kuhusu muziki huu kwa Kiswahili, lakini mhariri mmoja niliyempelekea makala alinijibu kwamba Mwanza hakuna msomaji anayeujua, na kwamba niandike habari za wasanii wakubwa au nihamie Dar es Salaam. Mwenzangu mmoja anaongeza kwamba huku kwetu kitu kama hicho hakijawahi kuwapo. Je, nina la kuandika, au nimependa kisicho changu? (Mwandishi, Igogo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mwenzako, kwa sababu ndiye aliyepotea zaidi, na amepotea kwa kuusikiliza muziki huo kama vile ni mlio wa magitaa peke yake. Neno indie lenyewe limefupishwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na bendi unazozipenda zina asili yake katika hesabu za fedha. Mwishoni mwa mwaka 1976 vijana wa kundi la Buzzcocks, la mji wa Manchester, walirekodi nyimbo nne kwa fedha walizokopa kwa ndugu na marafiki, takriban pauni 500, na Januari 1977 wakatoa wenyewe santuri ya nakala 1,000 bila kubisha hodi kwa kampuni yoyote kubwa. Nakala zile zikaisha, zikachapishwa nyingine, na vijana wa miji mingine wakatambua kwamba kumbe santuri inaweza kutengenezwa bila kusubiri baraka za wakubwa wa London. Ilipofika Januari 1980 Uingereza ilianza kuchapisha orodha ya mauzo ya santuri za namna hiyo, na kigezo cha kuingia humo kilikuwa ni nani anayeisambaza santuri. Kama ndani yake mna gitaa, kinanda au kengele, hakuna aliyeuliza.

Sasa geuka utazame upande wetu kwa jicho hilohilo. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru, bendi nyingi zilizovuma Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Ala zilikuwa za mwajiri, mwanamuziki akipokea mshahara, na nyimbo zikirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Siudharau utaratibu huo hata kidogo, maana ndio uliotuachia muziki bora kuliko wote tulionao (na hapo sitaki kubishana na mtu), ila mpiga gitaa aliyeacha kazi aliliacha na gitaa. Waliokuja baadaye na mchiriku katika mitaa ya Dar es Salaam, wakiwa na vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyokwaruza, hawakuwa na mwajiri wa namna hiyo, wala hawakuwa naye vijana wa singeli waliowafuata wakiwa na kompyuta moja kwenye chumba kimoja. Mwaka 2017 singeli za studio ya Sisso, ya Mburahati hukohuko Dar es Salaam, zilitolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ndogo ya muziki iliyoko Kampala, karibu na ufuko wa ziwa hilihili unalolitazama ukiwa juu ya jiwe lako, na zikasikilizwa Ulaya bila kupitia kampuni kubwa yoyote. Kwa kipimo kile cha mwaka 1980, hao wangeingia kwenye orodha mbele ya bendi kadhaa zilizomo kwenye flashi yako, ambazo bila shaka zilikwisha kusaini mikataba na makampuni makubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanautegemea: andika gharama. Kila rekodi imebeba ndani yake kiasi cha fedha kilichokuwapo siku ilipofanywa, na mwandishi mwenye masikio anaweza kukisikia. Chukua mfano wa mashine ya Portastudio, iliyotolewa na kampuni ya Tascam ya Japani mwaka 1979, ambayo ilirekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Kuanzia hapo mtu aliweza kurekodi chumbani kwake, ngoma leo, gitaa kesho, sauti siku atakayopata utulivu. Ule mvumo wa kanda unaousikia chini ya nyimbo zako, mwimbaji aliye karibu na maikrofoni hadi unamsikia akivuta pumzi, anayeimba kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili, mambo hayo yana sababu zake, na mara nyingi sababu ni kwamba kweli kuna mtu amelala chumba cha pili. Msomaji wa Igoma au Buzuruga ambaye hajawahi kuisikia bendi yenyewe ataelewa papo hapo, kwa sababu ukuta wa chumba chake nao hauzuii kikohozi cha jirani. Kumbuka tu kwamba siku hizi kuna bendi zenye fedha za kutosha ambazo huuongeza mvumo huo kwa programu ya kompyuta ili zionekane maskini. Hizo mimi sizisikilizi, na makala kali dhidi yake ningeisoma kwa furaha.

Ukitoka kwenye jiwe lako, shuka mjini uingie studio ndogo, zile za chumba cha nyuma ya duka, ambazo Mwanza si haba. Usiende kumhoji msanii kuhusu ndoto zake. Kaa pembeni utazame kazi. Utaona kuta zilizobandikwa trei za mayai na blanketi, na utaona prodyuza akizima feni kabla ya kuingiza sauti, kwa sababu maikrofoni inaudaka upepo wake, kisha watu wanne wanatokwa jasho kimya hadi ubeti uishe. Lori likipita barabarani wanarudia ubeti. Trei za mayai hazizuii kelele za nje. Kazi yake ni kupunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba, na muungurumo wa lori hauzijali kabisa. Uliza bei ya kurekodi wimbo mmoja, nani ameilipa, biti ni ya nani, na faili zinabaki kwa nani baada ya kazi kwisha. Ukipata majibu ya maswali hayo kwa msanii mmoja asiyejulikana, una makala nzito kuliko ile ya msanii mkubwa ambayo mhariri wako anaitaka na ambayo wenzako wengi wamekwisha kuiandika.

Halafu, mwezi wa Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu, panda gari la Kisesa uende Bujora kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Huko Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma za Wasukuma yenye upinzani wa tangu enzi za mababu, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, akiona watu wanahamia kwa mpinzani hana meneja wa kumsingizia wala redio ya kulalamikia. Abadilishe wimbo au atoe kioja kipya hapohapo. Simama katikati ya makundi hayo na daftari lako, uandike watu walianza kuhama kwenye wimbo upi. Bendi zako za Manchester zilipitia jambo linalofanana na hilo katika kumbi za baa, na ukiyaweka mambo hayo mawili kwenye makala moja hutahitaji tena kumweleza msomaji kwa nini unaupenda muziki wa mbali.

Kuhusu hofu ya kukosa wasomaji, tazama upande wa Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Sikuombei subira ya namna hiyo. Wewe una simu. Ninachotaka ukione ni kwamba Kitereza aliandika kwa undani namna watu wa kisiwa chake walivyolima, walivyoposa na walivyotibu wagonjwa, bila kujiuliza kama mtu wa mbali atayajali mambo hayo, na undani huo ndio unaotufanya tumsome hadi leo.

Dar es Salaam nenda ukipata kazi ya mshahara. Kwa ajili ya muziki huu hakuna haja ya kuhama. Na matangazo ya saluni usiyaache, kwa sababu ndiyo yanayolipa kodi ya chumba, na pia kwa sababu mtu aliyezoea kumaliza jambo lake kabla mtangazaji hajaishiwa pumzi huwa hajazi makala maneno matupu, maradhi ambayo waandishi wengi wa muziki wanayo.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwimbaji, naishi Musoma. Nilitunga wimbo, maneno na tuni yangu mwenyewe, na kijana mwenye studio akanirekodia bila malipo kwa makubaliano ya mdomo. Sasa wimbo umeanza kupendwa, naye anadai ni wake kwa kuwa umetoka kwenye mashine yake. Nataka kuuza mwenyewe bila kampuni. Nifanyeje? (Mama wa watoto wawili, Musoma)

JIBU: Dada yangu, hapo kuna mali mbili, na ugomvi wenu unatokana na kuzihesabu kama moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maneno na tuni aliyotunga, na ulinzi huo unaanza pale kazi inapotungwa, bila kungoja usajili. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ila sheria hiyohiyo inamtambua pia mtayarishaji wa rekodi, yaani yule aliyegharamia na kusimamia sauti kunaswa, na kwa kuwa hukulipa, kijana wako ana hoja kwa upande wa ile rekodi. Hana hoja kwa upande wa wimbo. Unaweza kwenda studio nyingine ukaurekodi upya kwa fedha yako, na hiyo rekodi ya pili ikawa yako yote.

Kabla ya kufika huko, mwite mkae chini. Andikeni karatasi moja inayosema wimbo ni wa nani, rekodi ni ya nani, na kila shilingi itakayoingia inagawanywa vipi. Wekeni saini mbele ya shahidi, kisha peleka wimbo wako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukausajili, maana usajili ni ushahidi hata kama si masharti ya kuwa na haki. Studio ya bure mara nyingi hugeuka kuwa ghali kuliko ya kulipia. Kuhusu mauzo, wasanii wengi wanaojitegemea duniani hutumia Bandcamp, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali na kumwachia msanii sehemu kubwa inayobaki baada ya gharama za malipo. Hakikisha kwanza fedha itakufikia kwa njia ipi hapa Tanzania kabla hujapandisha chochote huko. Na usidharau mauzo ya mkono kwa mkono kwenye harusi na vikoba, ambako mnunuzi anakuona uso na fedha inaingia kwenye simu yako palepale.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nasomea uandishi wa habari hapa Malimbe. Nikiandika uchambuzi wa wimbo wa msanii mdogo, naruhusiwa kunukuu maneno yake, au hadi nimlipe? (Mwanafunzi, Malimbe)

JIBU: Marahaba. Sheria niliyoitaja hapo juu inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinacholingana na lengo la maandishi yako, mradi utaje chanzo na jina la mtunzi. Mistari miwili au mitatu unayoichambua kwelikweli haina tatizo. Ubeti juu ya ubeti hadi wimbo ukamalizika, hapo omba ruhusa. Na ninaposema mtunzi simaanishi mwimbaji. Katika nyimbo nyingi za vijana wetu jina la aliyetunga maneno halikuandikwa popote, kwa hiyo mpigie simu prodyuza umwulize, usikubali jibu la kwanza, na ukimpata mtunzi mwenyewe mwulize alilipwa nini.