Nikifa, dada yangu alee wanangu: kumwambia tu kunatosha?

SWALI: Habari, wakili. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Nauza mitumba hapa Nakuru. Baba yao tuliachana mdogo akiwa na miezi 3, na tangu hapo hatumi hata shilingi. Nimemwambia dada yangu, mbele ya mama, kwamba nikifa yeye ndiye awalee. Je, inatosha, au baba yao anaweza kuja kuwachukua?

JIBU: Mama, maneno uliyosema mbele ya mama yako yana uzito nyumbani, lakini mahakamani hayatamfikisha dada yako mbali. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mzazi kuteua mlezi ndani ya wosia au kwa hati ya peke yake. (Wosia wa mdomo upo katika Sheria ya Urithi, ila usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenyewe afariki ndani ya miezi 3. Sidhani una mpango huo.)

Kifungu chenyewe ni kifupi: “Namteua dada yangu, jina na nambari ya kitambulisho, awe mlezi wa wanangu, majina na tarehe za kuzaliwa, baada ya kifo changu. Akitangulia yeye, au asipoweza, namteua fulani.” Weka tarehe, tia sahihi mashahidi wawili wakikuona, nao watie zao papo hapo. Niliwahi kuletewa karatasi iliyong'olewa kwenye daftari la mtoto, mwandiko safi kabisa, haina tarehe wala shahidi. Kama dada utamwachia mali katika wosia huo huo, usimfanye shahidi.

Penye miba ni kwa baba. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Karatasi yako haimfuti. Dada atakuwa mlezi pamoja naye, na baba akipinga, au dada akiona huyo bwana hafai, ataamua hakimu wa Mahakama ya Watoto, akitanguliza maslahi ya watoto. Hapo kimya chake cha miaka minne kinakuwa ushahidi, mradi uwe umeuweka: risiti za karo, kadi za kliniki, jumbe ulizomwomba pesa zisijibiwe. Ningekuwa wewe, ningeenda mahakamani sasa kuomba amri ya malezi na matunzo, ningali hai wa kujieleza. Pia andika barua ya sababu: kwamba dada ndiye huwachukua shuleni, kwamba mdogo hulala kwake siku za soko. Haimfungi hakimu, ila ataisoma.

Pesa ni jambo jingine. Mlezi wa mtoto si lazima awe ndiye mshika mali yake. Unaweza kumpa dada watoto na mali ukamwachia mtu mwingine mwenye mkono mgumu. Na kama una Sacco, kaangalie fomu ya mrithi wiki hii. Wengi waliijaza wakiwa bado kwenye ndoa, na jina lililomo ni la yule yule waliyeachana naye.

Muulize dada kwanza kama yuko tayari. Akikubali, mpe nakala. Usiifungie kwenye kabati ambalo ufunguo unao peke yako.