Nukuu ndefu ipunguzwe wapi?

SWALI: Mhariri wangu hulalamika kwamba nukuu zangu ni ndefu mno, nami naogopa kugusa maneno ya mtu. Kwa mfano, mhandisi aliniambia: “Kwanza kabisa napenda kuchukua nafasi hii kusema kwamba, kwa kweli, kama nilivyosema hapo awali, daraja hili tutalifunga Jumatatu, yaani tutalifunga kabisa, iwapo mvua itaendelea kunyesha.” Nifanyeje?

JIBU: Kupunguza ni ruhusa, kubadili ni marufuku. Anzia mwanzoni, maana hapo ndipo wasemaji wengi huzunguka kabla ya kufika kwenye hoja. Futa maneno 14 ya kwanza na ufungue nukuu kwenye “Daraja”. Huhitaji alama ya kuonyesha pengo, kwa kuwa sentensi iliyobaki imekamilika. Kutoka maneno 25 umebaki na 11.

Sasa tulia. “Yaani tutalifunga kabisa” laonekana kama marudio, lakini “kabisa” ni habari: mwenye gari asitegemee hata upande mmoja wa barabara. Liache. Hatari zaidi ni kukata “iwapo mvua itaendelea kunyesha” kwa sababu tu imekaa mwishoni. Hapo umegeuza tahadhari kuwa uamuzi, na mhandisi akikukana atakuwa na haki. “Huenda”, “iwapo”, “isipokuwa” na “bado” ni maneno mafupi yaliyoshika maana yote. Usiyaguse hata nafasi ikibana.

Kusema kweli, kauli hii haihitaji kunukuliwa. Andika kwa usemi wa taarifa: Mhandisi alisema daraja litafungwa kabisa Jumatatu iwapo mvua itaendelea kunyesha. Tarehe na idadi huelezwa vizuri na mwandishi. Nukuu iwekee hasira, ahadi au shutuma. Ila usichanganye aina mbili za usemi, kama katika: alisema kuwa “tutalifunga daraja”. Msomaji atajiuliza hao “sisi” ni akina nani, mhandisi au gazeti.

SWALI: Na nikikata katikati?

JIBU: Weka nukta tatu mahali pa pengo, na usiunganishe kamwe majibu ya maswali mawili tofauti. Kagua pia viambishi. Ukiondoa “daraja” ukabakiza “tutalifunga”, ile “li” haina wa kumrejelea. Litaje daraja katika sentensi inayotangulia nukuu; mabano ya mraba ndani ya nukuu humkwaza msomaji. Kisha sikiliza tena rekodi huku ukisoma ulichobakiza.