Kofia Nayo ni Kadari

Mdogo wangu aliendesha bodaboda, kijiwe chake kilikuwa Majengo, hapa Moshi. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila ilikaa imening'inia kwenye usukani. Nikimgusia ananijibu, "Kaka, siku ikifika imefika, hata ukiwa kitandani." Nami nanyamaza. Tangu madrasa nimefundishwa kuwa kuamini kadari, heri yake na shari yake, ni nguzo ya sita ya imani. Nilihisi nikimbishia yeye nambishia Mungu.

Alianguka barabara ya Arusha jioni ya mvua. Kichwa. Siku ya tatu tukamzika.

Msibani kila aliyeingia alisema kazi ya Mungu haina makosa. Neno hilo lilimshika mkono mama yetu, na sitathubutu kumnyang'anya. Mimi lilinikwama kooni. Baada ya hitma, mzee mmoja wa msikitini akanisimulia habari ya Khalifa Umar alipokuwa akielekea Sham, yaani Syria na nchi jirani zake, karibu mwaka 639, wakati wa tauni ya Amwas. Alipofika Sargh akaambiwa maradhi yametanda mbele, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, kamanda wa majeshi yake huko Sham, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano: ukishuka na ngamia wako bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu, utakapowalisha kote ni kwa kadari.

Niliurudia mfano huo usiku kucha. Kumbe kofia nayo ni kadari! Nani alimsomea mdogo wangu kilichoandikwa, hata akajua hakuna kofia ndani yake? Sisi Waswahili tunasema ajali haina kinga, na ajali kwa asili yake ni ule muda wa mtu uliokwisha kupangwa. Sawa, muda huo hauna kinga. Fuvu la kichwa linayo.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayekujibu kama alivyonijibu wangu, au aliyeacha dawa za presha kwa kuwa "imeandikwa", usinyamaze kwa kuogopa kukufuru. Yakishatokea, hapo lishike neno la mama yangu kwa mikono miwili, wala usijichape kila usiku. Nami bado najifunza hilo la pili.

Mtoto wa marehemu mdogo wangu sasa ana miaka 19 na pikipiki ni ile ile. Juzi akaniambia, "Baba mkubwa, siku ikifika..." Nikachomoa ufunguo, nikakaa nao mkononi mpaka nikasikia mkanda wa kofia umelia chini ya kidevu chake.