Jibu refu kwa aliyeuliza: yuniti za historia za kushikia mtu chuoni, uchukue ama uwache?

Ndugu uliyeuliza, salaam. Umesema chuo kimekupigia simu kikupe yuniti mbili za historia ya mwanzo wa zama za kisasa, ile ya 1500 mpaka 1800 hivi, kwa sababu mwalimu mwenye yuniti hizo ameenda likizo ya kusoma, nawe uko Malindi na masta yako mkononi hujui uchukue ama uwache. Nilitaka kukujibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi, maanake hii kazi mimi nimeifanya semesta nne. Mimi mtu wa Lamu, nimeolewa hapa Malindi, chuo nilichofundisha jina lake naliwacha.

Tuanze na pesa tumalizane nazo. Wenzetu Uingereza mtu akiajiriwa kumshikia mwingine mara nyingi anapewa mkataba wa miezi tisa ama mwaka na mshahara kila mwezi, ikiisha imeisha lakini amekula. Mimi nililipwa kwa yuniti. Masaa matatu kwa wiki, wiki 14, jumla masaa 42, na hayo 42 ndiyo yaliyohesabiwa peke yake. Kutayarisha somo hakumo, kutunga mtihani hakumo, kusahihisha karatasi za watoto 130 usiku stima imepotea hakumo. Halafu unajaza fomu ya madai, fomu inatoka idarani inaenda kwa mkuu wa kitivo inaenda ofisi ya fedha, ikifika huko inalala. Yangu ya kwanza ililala miezi 11. Nikienda kuuliza naambiwa sahihi moja haipo, nikileta sahihi naambiwa bajeti ya mwaka imefungwa, yaani danadana mpaka nikawajua walinzi wa getini kwa majina.

Na kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe, hili lisikupate. Nilianza kufundisha kwa simu tu, mkuu wa idara aliniambia "karibu sana mwalimu, barua inakuja," nami nikaingia darasani na furaha zangu. Barua ikaja wiki ya tisa na tarehe iliyoandikwa ni ya hiyo wiki ya tisa. Kwa hivyo kwa karatasi zile wiki nane za kwanza mimi sikuweko, nilikuwa napita tu njia nikaona darasa liko wazi nikaingia kuongea na watu kuhusu Ureno! Usikanyage darasa kabla ya barua, na barua iseme unaanza lini, yuniti ngapi, kila moja kiasi gani, na nauli ni ya nani. Ukipeleka maksi hakikisha aliyezipokea ametia sahihi kwenye nakala yako, kwa sababu maksi zikipotea, wa kwanza kutajwa ni yule aliye na ajira ya muda.

Sasa yuniti yenyewe, hapa ndipo nataka uniskize.

Nilirithi autilaini, yaani mpango wa masomo, ya wiki 14. Luther aliyepinga kanisa la Roma 1517, wafalme wa Uingereza, vita vya dini, mkataba wa amani wa Westphalia 1648 uliomaliza vita hivyo, Ufaransa na mfalme wake, na wiki ya 13 ndiyo "Ulaya na ulimwengu wa nje". Sisi ndio nje. Malindi nzima na Lamu na Pate na Mombasa tulikuwa wiki ya 13 tena nusu yake, nusu ingine ilikuwa Uhindi na Marekani. Semesta ya kwanza niliifundisha vile vile ilivyo, na watoto walilala, siwalaumu, hata mimi mwenyewe nilikuwa nasinzia.

Semesta ya pili nikachukua zile kumbukumbu za safari ya Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, zilizoandikwa na mmoja wa watu wake, pale wanapofika Malindi, Aprili 1498, wametoka Mombasa ambako hawakuelewana na watu. Nikawasomea taratibu kwa Kiswahili changu mwenyewe. Mfalme amekaa, juu yake mwavuli wa kitambaa chekundu, pembeni mzee amemshikia upanga, na kuna wapiga tarumbeta, na tarumbeta mbili ni za pembe za ndovu zimechongwa vizuri, urefu kama mtu, zinapulizwa kwa tundu lililo ubavuni.

Kuna kijana alikuwa anakaa nyuma kabisa, mtoto wa Pate, tangu semesta ianze hajafungua mdomo. Akasema, "Mwalimu, hiyo si siwa?"

Darasa zima likanyamaza kimya. Nikamwambia sema. Akasema siwa ya Pate iko jumba la makumbusho Lamu, ya pembe, tundu lake liko ubavuni hivyo hivyo, na kwamba zamani haikupigwa ovyo, ilikuwa ya wafalme na harusi za waungwana, na huyo Mreno kaandika tarumbeta kwa sababu hakujua anaangalia nini. Ndugu yangu, mimi nimezaliwa Lamu, siwa nimeiona tangu mdogo, ile kumbukumbu nimeisoma chuo nikaandikia na mtihani, na kichwani mwangu vitu viwili hivi havikuwahi kukutana hata siku moja. Vilikuwa vimekaa vyumba tofauti. Yule kijana ndiye aliyefungua mlango wa kati.

Toka siku hiyo nikaigeuza yuniti yote ianzie hapa. Ulaya sikuitupa, usinielewe vibaya, bali niliifikia kwa njia ya Goa kule Uhindi, ambayo Wareno waliichukua 1510, na kwa njia ya Hormuz, kisiwa cha mlango wa Ghuba ya Uajemi, waliyoipoteza 1622 na Muscat waliyonyang'anywa na Waomani 1650, hapo sasa mwanafunzi anaelewa kwa nini ngome ya Wareno ya Mombasa, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593 ilizingirwa na Waomani 1696 ikaanguka 1698. Mwanzo tunauliza swali dogo tu, mbona Malindi ilimkaribisha mgeni ambaye Mombasa haikumtaka? Wakafika wenyewe, kwamba Mombasa ndiye aliyekuwa mshindani mkubwa wa Malindi na mfalme alikuwa anatafuta wa kumsaidia. Na akasaidiwa kweli, karibu miaka mia baadaye ukoo wake ukahamishiwa Mombasa kutawala chini ya kivuli cha ngome, Malindi yenyewe ikabaki kuporomoka, kisha Sultani Hasan wa ukoo huo akagombana na kapteni wa ngome, akauawa 1614, kichwa kikapelekwa Goa. Mtoto wake Yusuf akalelewa Goa na mapadri, akabatizwa, akarudishwa 1626 awe mfalme, na 1631 akawageukia akamuua kapteni na Wareno wa ngomeni. Mimi huwa nawaambia watoto, hao masultani wa Malindi ndio vibarua wa kwanza wa mkataba pwani hii, karibu sana mfalme, barua inakuja.

Tukaenda na mnarani pale kwa Vasco da Gama, kila mtu na kiingilio chake. Pale utapata vita, jitayarishe. Nusu ya darasa wamefundishwa kwamba Ahmad bin Majid, yule baharia mashuhuri Mwarabu, ndiye aliyempeleka Vasco da Gama Calicut kule Uhindi. Usiwakate haraka. Waache wabishane, halafu uwape vipande, kwamba wakati ule bin Majid alikuwa mtu mzima sana na kwamba maandishi ya Kireno yanamtaja rubani Mgujarati, na ndio sababu wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali ile hadithi. Kuna mmoja alikasirika kama nimemtukania babu yake. Nilimpa maksi nzuri, alibisha kwa hoja.

Idara nayo ikaja juu, kwamba autilaini imepitishwa na seneti nami mwalimu wa muda nimetoa wapi ruhusa ya kuibadilisha. Hapo walikuwa na haki yao kidogo. Nikajifunza ujanja, vichwa vya wiki acha kama vilivyo, badilisha kilicho ndani. Wiki ya vita vya dini nilifundisha Westphalia nusu na Yusuf bin Hasan nusu, kichwa cha habari ni kile kile na hakuna aliyenigusa tena.

Mwenye yuniti akarudi kutoka masomoni baada ya semesta nne, nikapata ujumbe wa simu siku ya Alhamisi kwamba Jumatatu nisiende. Malipo ya semesta ya nne bado nangoja. Na nasikia mifano yangu inafundishwa mpaka leo, siwa na kila kitu, bila jina langu, hiyo inaniuma kuliko pesa, nisiseme uongo. Wewe wape autilaini, noti zako kaa nazo.

Kwa hivyo jibu langu, chukua yuniti moja usichukue mbili. Mbili ni kazi ya kutwa kwa malipo ya kibarua, na hutapata nafasi ya kufanya kitu kingine kitakacholisha nyumba hiyo miezi 11 unayongoja. Kama zimegawanywa kwa miaka omba ile ya mwanzo, inayoanza 1500, kwa sababu vifaa vyake unavyo hapo hapo Malindi, kuna mnara, kuna lile kanisa dogo la Wareno, na magofu ya Gede unafika kwa matatu. Na ukiwapeleka watoto mnarani wapeleke asubuhi, ikifika saa saba jua la pale halina mchezo na hakuna atakayekuskiza.