Barua kwa mwanangu: kabla hujaandika "sababu binafsi"

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uendelee kuvumilia pale ofisini au uache kazi, na umeniambatishia barua ya kujiuzulu uliyokwisha kuiandika, yenye sentensi mbili tu, inayosema kwamba unaondoka "kwa sababu binafsi". Nitakujibu kama mama, na pia kama mtu aliyefanya kazi ya afisa utumishi hadi alipostaafu, kwa kuwa swali lako linanigusa kote kuwili.

Kwanza, nakuamini. Shangazi zako watakuambia kwamba kila kazi ina bosi mkali, na kwa hilo hawakosei. Lakini ukali sio unaokuumiza. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wakali waliotaka hesabu zifungwe kwa wakati, na tuliwaheshimu kwa sababu walilolitaka Jumatatu ndilo walilolitaka Ijumaa. Unayonieleza wewe ni mengine kabisa. Meneja anatoa maelekezo kwa mdomo, kisha mzigo wa mteja unapokwama bandarini na gharama za kuuhifadhi zinapopanda, anakana kwamba aliyatoa. Anakufokea mbele ya madereva na wateja. Anaandika kwenye kikundi cha WhatsApp saa tano usiku na kudai ajibiwe papo hapo. Na anayempelekea majungu ndiye anayepata nafuu. Huyo ni mtu aliyeshindwa kupanga kazi na anayewatwisha walio chini yake gharama ya kushindwa kwake.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba msongo wa kazini usiodhibitiwa kwa muda mrefu humletea mtu hali yenye alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hafanyi tena lolote la maana. Katika barua yako nimezikuta zote. Wewe uliyekuwa ukinipigia simu kunisimulia jinsi ulivyofunga hesabu za mwezi bila kasoro, sasa unaandika kwamba pengine hukufaa kuwa mhasibu. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko mengine yote, na ndilo linalonifanya nisikuambie uvumilie.

Hata hivyo, nakuomba usiipeleke barua hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 36, inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapoondoka mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya ajira isivumilike, na wewe umekwisha kuipita miezi 6 ya mwanzo ambayo ndani yake ulinzi huo haumfikii mfanyakazi. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria hiyo zinaongeza sharti moja: aliyetendewa isivyo haki awe ametumia kwanza njia zilizopo za kuwasilisha malalamiko, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Sasa fikiria. Ukiandika "sababu binafsi", siku moja mwajiri ataiweka barua hiyo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, nawe utabaki kueleza kwa mdomo kile ulichokwisha kukikana kwa maandishi. Nimeona wafanyakazi wazuri wakikwama hapo kwa adabu tu ya kutotaka kumuudhi mtu wakati wa kuaga.

Kwa hiyo anza kuandika. Kila unapopewa agizo la mdomo, mtumie meneja barua pepe fupi siku hiyo hiyo: "Kama ulivyoelekeza leo, nitafanya hili kufikia Alhamisi." Katika miaka yangu yote ya kazi sikuona kinga bora kuliko hii, maana haimtukani mtu na haiwezi kukanwa. Omba kwa maandishi maelezo ya kazi yako, ambayo kifungu cha 15 cha sheria ile ile kinamtaka mwajiri akupe. Weka kumbukumbu ya saa zako: za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, za ziada zinahitaji makubaliano na hazizidi 50 katika wiki nne, na hesabu unazozifanya usiku wa manane ni kazi kama kazi nyingine. Hizo kumbukumbu ziwe zako mwenyewe. Usitoe nje hata karatasi moja ya mteja, usije ukampa meneja kosa la kweli la kukushitaki nalo.

Kisha mwandikie mkurugenzi malalamiko yako, ukitaja tarehe, maneno yaliyosemwa na waliokuwepo, bila kumhukumu mtu tabia. Siwezi kukuahidi kwamba meneja atabadilika. Wengi wa namna yake hawabadiliki hadi aliye juu yao achoke kupoteza watu. Jipe muda wenye mwisho. Ukifika bila jibu, ondoka, na sababu ya kweli iandike ndani ya barua. Toa notisi ya siku 28 kwa kuwa unalipwa kwa mwezi, dai cheti cha utumishi na malipo ya likizo unayodai, na uangalie kama michango yako ya NSSF ilipelekwa kila mwezi, kwa kuwa ofisi isiyopangwa vizuri husahau hata hayo. Ukitaka kufika Tume, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Muone mwanasheria au kiongozi wa chama cha wafanyakazi kabla hujasaini chochote.

Umeandika kwamba unang'ang'ania kwa ajili ya ada ya mdogo wako chuoni. Mimi na baba yako tumelizungumza. Muhula ujao tutaulipia sisi, kwa kodi ya vyumba vya uani na mpunga uliobaki ghalani, na mdogo wako mwenyewe amekwisha kuambiwa. Usiiweke tena ada hiyo katika hesabu yako.

Kabla ya yote hayo, omba likizo uliyoiacha tangu mwaka jana, uje nyumbani ulale. Rasimu ya malalamiko tutaiandika pamoja hapa mezani, na kila sentensi iliyoandikwa kwa hasira nitaikata.

Akupendaye daima,
Mama yako