Ukosefu wa kisima si tatizo

Maandiko mengi ya miradi ya vijijini yanayoandikwa hapa Dar huanza hivi: "Kijiji kinakabiliwa na ukosefu wa kisima." Hapo mwandishi ameshatoa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Kisima ni jibu. Tatizo ni kinachowapata watu: akina mama wanapoteza saa tatu kwa safari moja ya ndoo, au watoto wanaharisha kila masika. La kwanza huenda likadai bomba. La pili huenda likaisha kwa vyoo na maji ya kuchemsha, na kisima kipya kisibadilishe kitu. Futa neno "ukosefu" kwenye sentensi yako. Ikibaki tupu, rudi kijijini.

Kutoka Mbagala, kusini mwa Dar, hadi vijiji vingi vya wilaya ya Mkuranga ni mwendo wa asubuhi moja, kwa hiyo hakuna udhuru. Ila nenda mara mbili, Septemba na Aprili. Watu wa mjini hupenda kiangazi kwa sababu barabara inapitika, basi wanakuta madimbwi yamekauka na kila mtu analia maji. Ukirudi masika, kilio kinaweza kuwa mazao yanayoozea shambani kwa kukosa njia.

Mkutano wa hadhara peke yake haukupi ukweli. Wanaongea wanaume wa benchi la mbele. Kaa na wanawake kando, vijana kando, wafugaji kando. Kila kundi lilinganishe matatizo mawili mawili, kila mtu akiweka punje ya mahindi kwa lile analoona zito zaidi. Matatizo 5 yanatoa jozi 10, kazi ya chini ya saa moja. Ukileta 10 utapata jozi 45, na watu watakuachia punje zako.

Tuseme maji ndiyo yameshinda. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumba ya mwisho. Kijiji cha watu 1,200 kinahitaji lita 30,000 na vituo 5. Wengi huishia hapo. Sasa simama kwenye koki moja: watu 250 ni lita 6,250, na koki ya lita 10 kwa dakika itazitoa kwa dakika 625, zaidi ya saa 10. Nani atachota mchana kutwa? Watu huja alfajiri na jioni, ndipo foleni na ugomvi wa ndoo vinapoanzia. Weka koki mbili kila kituo. Halafu kumbuka kwamba kwa ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka, watu 1,200 wanakaribia 2,170 baada ya miaka 20. Kipenyo cha bomba kuu kipigiwe hesabu ya hao.

Kinachoua miradi zaidi ni mapato. Ndoo ya lita 20 kwa shilingi 50 inaonyesha 75,000 kwa siku, hesabu tamu ya karatasini. Masika watu wanakinga maji ya paa. Panga bajeti kwa theluthi, 25,000. Wauzaji watano wakilipwa 3,000 kila mmoja, imebaki 10,000 ya dizeli, mlinzi na vipuri. Haitoshi, basi fikiria pampu ya sola sasa hivi, na tangi kubwa zaidi, kwa kuwa jua halipo alfajiri wakati wateja wapo. Ukanda wa Pwani pima chumvi kabla ya kununua pampu yoyote. Michoro ipitie RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, wilayani mapema. Tangu 2019 ndio wenye dhamana ya maji vijijini, na mradi utaendeshwa na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Ardhi nayo huchukuliwa kirahisi mno. Mzee anatoa eneo kwa mdomo, anafariki, watoto wanaweka uzio kuzunguka tangi. Pata muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na karatasi ya kutoa eneo iliyosainiwa na mtoaji pamoja na mke na watoto wake wakubwa. Akigoma mmoja, sogeza alama ya tangi kwenye ramani. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwenye faili la mradi.